Kiyoyozi cha gari la umeme: Je, matengenezo ya kalenda ni lazima?

Wamiliki wa magari yanayotumia umeme hushauriwa mara kwa mara kulipia matengenezo ya kiyoyozi hata pale ubaridi unapotoka vizuri. Je, gharama hiyo ni ya lazima?

Jibu linategemea kinachofanyiwa matengenezo. Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa na hupungua kidogo sana kwa miaka mingi. Ikipungua haraka, inavuja, na kuijaza bila kuziba panapovuja ni kupoteza fedha.

Chujio la hewa, kwa upande mwingine, hujaa vumbi. Kwa Model 3, kampuni ya Tesla hupendekeza libadilishwe kila baada ya miaka 2.

Aidha, katika magari mengi ya aina hiyo gesi hiyo hiyo husaidia kupoza betri. Ikipungua, betri hupata joto na gari huweza kuchaji polepole ili kuilinda.

Hatari nyingine iko gereji. Kompresa huendeshwa kwa umeme wa msongo mkubwa, hivyo huhitaji mafuta yasiyopitisha umeme. Mashine ya kujazia gesi yenye mabaki ya mafuta ya kompresa za magari ya petroli inaweza kuiharibu.

Kwa hiyo, mmiliki hana budi kufuata kitabu cha mtengenezaji, kubadilisha chujio kwa wakati na, ubaridi unapopungua, kumwona fundi aliyesomea magari hayo.