Aliyepandikizwa uboho asinunue dawa kiholela

Kijana mmoja wa miaka 22 aliingia chumbani mwangu hapa Garissa akiwa na homa inayompanda kila jioni, viungo vinamuuma, na usiku jasho linalowesha shuka. Kwao wanafuga ngamia na maziwa hunywewa mabichi. Daktari yeyote wa Kaskazini Mashariki angeshuku bruselosi, ile homa ya maziwa, na vipimo vikaonyesha hivyo. Nikaandika cheti kama nilivyozoea: doksisaiklini na rifampisini kwa wiki 6.

Katika faili yake palikuwa na karatasi ya hospitali ya India. Miezi minane kabla alikuwa amepandikizwa uboho kwa sababu ya saratani ya damu, na ndugu yake ndiye aliyemtolea. Niliiona karatasi hiyo, nikaipita.

Mfamasia hakuipita. Alinipigia simu. "Daktari, huyu anameza takrolimasi. Rifampisini siwezi kumpa."

Huenda msomaji akauliza, dawa moja ya homa ina ubaya gani? Uboho, ambao wenzetu wa Tanzania huuita uloto, ni ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa, na ndiyo kiwanda cha damu. Ndani yake hutengenezwa pia chembechembe za kinga, askari wa mwili. Mtu akipewa uboho wa mwingine, hupewa na askari wa mwingine. Wakati mwingine wageni hao humgeukia mwenyeji wao, wakashambulia ngozi, ini na matumbo, naye aweza kufa. Takrolimasi, au mwenzake saiklosporini, huwatuliza. Ikizidi katika damu huharibu figo, ikipungua askari huamka. Nafasi iliyo katikati ni nyembamba.

Rifampisini hulichochea ini kuivunja takrolimasi upesi mno. Mgonjwa humeza vidonge vyake kwa uaminifu, asubuhi na jioni, lakini katika damu hakibaki cha kutosha. Flukonazoli ya fangasi na klarithromaisini ya kifua hufanya kinyume chake: huizuia isivunjwe, ikalundikana. Brufeni na diklofenaki, ambazo watu hununua kama peremende, huongezea figo mzigo juu ya mzigo.

Sisi madaktari wa kawaida hufundishwa haya, kisha huyasahau. Mfamasia aliyebobea katika kazi hii hayasahau, kwa kuwa ndiyo kazi yake tangu siku ya kwanza. Tiba hii ilianzishwa na Daktari E. Donnall Thomas wa Marekani mwaka 1957, na mwaka 1990 akapewa Tuzo ya Nobel. Kabla ya kupandikiza, uboho wa zamani hufagiliwa kwa dawa kali. Busulfani yaweza kuleta degedege, hivyo dawa ya kuzuia degedege hutangulia. Saiklofosfamidi huunguza kibofu, hivyo mgonjwa hupewa mesna na maji mengi. Dozi hupigiwa hesabu kwa kilo na kimo cha mgonjwa, na mfamasia huipiga upya hata kama daktari ameshaipiga. Kosa la nukta moja katika hesabu hiyo halirudishiki nyuma.

Jirani zetu wameanza. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kupandikiza watoto wenye selimundu. Wakenya wengi bado husafiri hadi India, na kila anayerudi hurudi na mfuko wa dawa katika mji ambao pengine hakuna aliyewahi kuziona. Mimi huona hapo ndipo hatari kubwa ilipo, kuliko hata kule wodini.

Kwa hivyo, ukiwa na mgonjwa wa namna hii nyumbani, mchagulie mfamasia mmoja na umpe orodha ya kila anachomeza, pamoja na dawa za miti na habasoda. Usibadilishe aina ya takrolimasi kwa kuwa nyingine ni nafuu, kabla ya kumuuliza. Jua la Garissa ni kali, na dawa nyingi hutakiwa zisipite joto la nyuzi 25 au 30, basi usiziache ndani ya gari. Maziwa yachemshwe, hata ya ngamia. Wanaotoa matone ya polio wakibisha hodi, waambie kwanza kuna mgonjwa wa aina hii, maana matone yale yana virusi hai vilivyodhoofishwa. Na kabla ya Ramadhani, zungumzeni na daktari wake: dawa ya kila saa 12 haingojei futari.

Yule kijana? Tuliwasiliana na madaktari wake wa India siku ileile. Doksisaiklini ilibaki, rifampisini ikaondolewa. Jentamaisini, ambayo kwa wengine ningeichagua, nayo tuliiacha kwa ajili ya figo, tukatumia dawa nyingine. Damu yake ilipelekwa Nairobi kupimwa kiwango cha takrolimasi. Mara ya kwanza majibu yalikuja juu mno, tukaingiwa na hofu, mpaka mfamasia alipomuuliza, "Ulimeza dawa saa ngapi?" Alikuwa amemeza kwanza, ndipo akaja kutolewa damu. Damu hutolewa kabla ya dozi ya asubuhi. Tulirudia kesho yake, na kiwango kilikuwa sawa.