Rupia 15 za Dhahabu Zilizopigwa Tabora

Watu wa Landless, Thika na Ruiru hutaja pesa na hela kila siku ya soko, lakini ni wachache wakumbukao kwamba maneno hayo yalikuwa majina ya sarafu. Hela ni heller, sarafu ndogo ya Wadachi walipotawala nchi ambayo sasa ni Tanzania bara. Tangu mwaka 1904 heller 100 zilikuwa sawa na rupia moja. Upande wetu wa mpaka rupia nayo ilitumika mpaka 1920. Kwa rupia wazee wetu walilipa kodi ya nyumba, na kwa rupia walipokea mishahara yao mashambani. Kwa hiyo habari za rupia si habari za kigeni kwetu, na mojawapo ya zilizo adimu ni ile ya dhahabu iliyopigwa Tabora mwaka 1916.

Wakati wa amani Wadachi waliletewa sarafu zao kwa meli kutoka kwao Ulaya. Vita vilipoanza Agosti 1914, manowari za Waingereza zilifunga njia ya bahari, na sarafu zikaanza kupungua. Askari na wapagazi walikuwa bado wadai malipo, na vyakula vya jeshi sharti vinunuliwe. Serikali ikachapa noti huko huko nchini, nyingine kwa karatasi duni kabisa. Raia hawakuziamini. Mkulima aliyeuza mtama wake alitaka kushika kitu chenye uzito, si karatasi iharibiwayo na mvua na kuliwa na mchwa.

Ndipo karakana ya reli pale Tabora ilipogeuzwa kuwa kiwanda cha kupigia sarafu. Maganda ya mizinga na vyuma vingine vya shaba viliyeyushwa, vikawa sarafu za heller 20 na heller 5. Kisha ikatwaliwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, katika nchi ya Iramba, ikapigwa sarafu ya rupia 15. Husimuliwa kwamba aliyechonga nakshi yake alikuwa sonara, mtu wa Ceylon.

Sarafu hiyo upande mmoja ina tai wa Kaiser na jina la nchi kwa Kidachi. Upande wa pili yupo tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake milima, pamoja na mwaka 1916 na herufi T, yaani Tabora. Wajuzi hutofautisha aina mbili kwa nakshi iliyo upande wa tai: katika aina moja nakshi hukoma chini ya herufi A ya jina la nchi, na katika nyingine hukoma chini ya herufi T; aina moja ilikuwa sarafu 9,803 na nyingine 6,395. Jumla yake ni 16,198 tu.

Sababu ya uchache huo ni vita vyenyewe. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora, na kazi ya kiwanda ikawa imekwisha. Tena, nyingi za sarafu zile zilitiwa vikuku na kufanywa mikufu, na kila iliyoyeyushwa ilipunguza hesabu ambayo haiwezi kuongezwa.

Yafaa kuangalia jambo moja. Rupia 15 zilihesabiwa sawa na mark 20 za Ujerumani. Lakini sarafu ya Tabora ina uzito wa gramu 7 na kidogo, na robo yake si dhahabu. Dhahabu safi iliyomo ni kama gramu 5.4. Sarafu ya mark 20 ilikuwa na gramu 7.2 hivi. Maana yake, hata dhahabu ile ilidai iaminiwe kupita uzito wake. Hata hivyo, kulikuwa na tofauti kubwa kati yake na noti. Noti ilisimama juu ya ahadi ya serikali peke yake, na serikali ile ilipoondoka, thamani iliondoka nayo. Aliyeweka akiba ya noti alibaki na karatasi; aliyeweka tembo wa Tabora alibaki na dhahabu, na leo wakusanyaji hulipa bei ipitayo mbali ile ya dhahabu iliyomo.

Basi ndugu msomaji, ukikuta sarafu ya namna hii katika kasha la mzee, usiisugue kwa mchanga wala majivu, usiitoboe, wala usikubali iyeyushwe. Ipime kwanza kwa mizani ya sonara, kwa kuwa za bandia zipo, kisha uionyeshe kwa wajuzi wa vitu vya kale kabla ya kutaja bei. Na mtu asiyemjua akimletea sokoni "tembo wa Tabora" kwa bei ya rahisi, mwenye busara atajiuliza kwa nini kitu adimu namna hiyo kinauzwa kama viazi.