Bahari Pekee Haizuii Rovu

Wako wengi miongoni mwetu, na wasomi wamo, wanaoamini kuwa rovu ni maradhi ya watu wa milimani. Hoja yao ni kwamba mvua za karne nyingi zimeyaosha madini joto kutoka katika ardhi ya juu na kuyateremsha baharini; kwa hiyo mtu akaaye pwani, ambaye kitoweo chake ni samaki na chumvi yake ni ya bahari, hana la kuhofu. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli. Nusu ya pili ilikwisha kukanushwa na utafiti uliofanywa hapa hapa visiwani, nasi tunaona ni wajibu wetu kuieleza habari hiyo kwa ukamilifu, kwani inahusu akili za watoto wetu.

Utafiti huo wa Dk. Vincent Assey na wenzake, uliochapishwa mwaka 2006, uliwapima watoto wa skuli wa Unguja na Pemba. Rovu lilikutwa kwa asilimia 21.3 ya waliopimwa Unguja, na asilimia 32.0 ya waliopimwa Pemba. Mkojo wao ulipopelekwa maabara, kiwango cha kati cha madini joto kilikuwa maikrogramu 185.7 kwa lita Unguja, lakini Pemba kilikuwa 53.4 tu. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa jamii ina upungufu pale kiwango hicho kinapokuwa chini ya 100. Sababu nayo haikuwa mbali. Nyumba zilizokuwa na chumvi iliyotiwa madini joto zilikuwa asilimia 63.5 Unguja, Pemba ilikuwa asilimia moja. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Kumbe hata penye bahari pande zote, madini ya bahari yaweza kuwa haba.

Yafaa tueleze kwanza kazi ya madini hayo. Mbele ya koo ipo tezi iitwayo dundumio. Tezi hii hutengeneza homoni zinazoamrisha kasi ya mwili mzima: joto lake, mapigo ya moyo, ukuaji wa mifupa, na zaidi ya yote ukuaji wa ubongo wa mtoto tangu yumo tumboni. Homoni iliyo kuu hubeba chembe nne za madini joto, na mwenziwe hubeba tatu. Bila madini hayo haziundiki. Zikipungua katika damu, tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo hupeleka amri kwa dundumio iongeze juhudi. Dundumio hutii, nayo huvimba kwa kazi isiyo na malighafi. Huo uvimbe ndio rovu. Kwa hiyo tumwonapo mtu mwenye rovu tusiseme karogwa, wala tusidhani kuwa tatizo limeishia shingoni.

Sasa kwa nini chumvi ya bahari isitutosheleze? Hesabu yake ni nyepesi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ipatayo gramu 35, na madini joto yapatayo maikrogramu 60. Mtu akila gramu tano za chumvi kwa siku, hata kama hakuna kilichopotea juani katika mashamba ya chumvi, atapata maikrogramu zisizofika kumi. Mahitaji ya mtu mzima ni 150 kwa siku, na ya mama mjamzito ni 250. Samaki husaidia, lakini husaidia kwa kadiri ya kile kinachofika chunguni, na si kila nyumba iliyo karibu na bahari hula samaki wa kutosha kila siku.

Tena kuna suala la muhogo. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu huko Kongo, watafiti waliofanya kazi tangu miaka ya 1960, akiwamo François Delange, walikuta jambo la ajabu. Watu wote kisiwani walikosa madini joto, lakini rovu lilikithiri upande wa kaskazini kuliko kusini. Uchunguzi uliwaelekeza kwenye muhogo, ambao usipoandaliwa vyema huacha sumu ambayo mwilini hugeuka kuwa kitu kinachoizuia dundumio isinyake madini joto. Hatusemi watu waache muhogo, chakula kilichowalea wazee wetu. Tunasema kwamba kuuloweka na kuuanika sawasawa, kama walivyotufunza, ni jambo la afya pia, na kwamba anayetegemea muhogo anayahitaji madini joto zaidi ya mwenziwe.

Elimu hii haikushuka kwa siku moja. Madini joto yaligunduliwa Ufaransa mwaka 1811 na Bernard Courtois, katika majivu ya mwani, mmea ule ule ambao kina mama zetu wa pwani ya mashariki ya Unguja wamekuwa wakiulima tangu mwaka 1989. Mwaka 1895 Mjerumani Eugen Baumann aliyakuta madini hayo ndani ya dundumio yenyewe. Tarehe 25 Disemba 1914, Edward Kendall wa Marekani alifaulu kuitenga homoni kuu ya tezi hiyo. Kisha David Marine na Oliver Kimball wakaenda kwa wasichana wa skuli katika mji wa Akron, Marekani. Miongoni mwa 2,190 waliopewa madini joto, watano tu walivimba tezi. Miongoni mwa 2,305 ambao hawakupewa, walivimba 495. Mwaka 1922 Uswisi ilianza kuyatia katika chumvi. Huu ni mfano wa sayansi iliyotoka maabara ikaingia jikoni bila kumtoza mpishi kazi yoyote ya ziada.

Hatari iliyo kubwa ni ile isiyoonekana kwa macho. Katika wiki za mwanzo za mimba mtoto hana homoni yake mwenyewe. Hutegemea ya mama. Mama akipungukiwa sana, mtoto huweza kuzaliwa na akili iliyodumaa, pengine na uziwi, na hakuna dawa itakayorudisha kilichopotea. Jaribio la Papua New Guinea, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1971, lilionyesha kwamba mama akipewa madini joto kabla ya kushika mimba, balaa hilo huzuilika.

Tanzania Bara nayo ilitoa funzo. Katika miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika sana. Mwaka 2009 wachumi watatu wakaandika kwamba watoto ambao mama zao walifikiwa na vidonge hivyo walisoma kwa muda mrefu zaidi skuli, hasa wasichana. Wengine waliporudia hesabu ile walikuta athari ndogo na isiyo thabiti. Hatuoni aibu katika mabishano hayo. Mtafiti mkweli huacha hesabu zake wazi ili mwingine azipime, na kiongozi mkweli hangoji jawabu la kila swali dogo ilhali swali kubwa limekwisha kujibiwa. Baada ya chumvi kuanza kutiwa madini joto huko Bara katika miaka ya 1990, rovu lililokadiriwa kuwa asilimia 25 katika miaka ya 1980 lilikutwa kwa asilimia 6.9 tu ya watoto wa skuli katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2004. Lakini mambo ya afya si ya Muungano, na manufaa ya Bara hayakuvuka bahari kwa kasi ile ile.

Nini basi kitupasacho? Wako wanaodhani kwamba dawa ni kumkamata mzalishaji mdogo wa chumvi na kumwaga mali yake. Hatukubaliani nao. Mzalishaji huyo hufanya kazi ngumu juani kwa faida ndogo, na wala si yeye aliyeficha elimu. Apewe dawa ya kutia katika chumvi kwa bei anayoimudu, bomba la kunyunyizia, na mafunzo. Wazalishaji wakiungana katika ushirika, gharama ya kila mmoja itakuwa nyepesi. Baada ya hapo, na baada ya hapo tu, sheria ina haki ya kumwuliza.

Masheha na waalimu nao wana sehemu yao. Ipo dawa ya matone ambayo ikidondoshwa juu ya chumvi yenye madini joto huifanya ibadilike rangi ikawa buluu. Mtoto wa skuli aweza kulifanya jaribio hilo kwa chumvi aliyotoka nayo kwao, na jioni akamweleza mama yake alichokiona. Nyumbani, chumvi ifunikwe, iwekwe pakavu, na itiwe chakula kinapokaribia kuiva.

Na maabara isisahauliwe. Madini joto yakizidi nayo yana madhara, hivyo hatuwezi kutia kwa kukisia tukaondoka. Mkojo wa watoto na chumvi ya madukani vipimwe kila baada ya muda, Pemba na Unguja, mjini na shamba, na majibu yarudishwe kwa watu wenyewe kwa lugha yao. Mzazi aliyekubali mwanawe apimwe ana haki ya kujua kilichoonekana. Utafiti unaoishia katika kabati ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni yetu sote, na inaanzia katika kijiko cha chumvi.