Utabiri Ungekosea Vipi?

Tarehe 3 Februari 2023, Mholanzi Frank Hoogerbeets, anayeshikilia kwamba mpangilio wa sayari angani huashiria matetemeko ya ardhi, aliandika Twitter kuwa tetemeko la ukubwa wa takriban 7.5 litapiga eneo la Uturuki ya kusini-kati, Syria, Jordan na Lebanon. Siku tatu baadaye, kabla hakujapambazuka, kusini mwa Uturuki kulitikiswa kwa ukubwa wa 7.8. Uturuki na Syria zilizika watu zaidi ya 50,000. Maneno ya Mholanzi yule yakazunguka dunia, na wengi wakauliza kwa uchungu kwa nini hakusikilizwa.

Mimi pia niliusoma ujumbe ule, nikaurudia. Ulianza kwa maneno machache ambayo wasambazaji waliyaruka: mapema au baadaye.

Tetemeko lisingekuja siku ile, wala mwaka ule, wala mwaka 2040, ujumbe ungebaki kuwa sahihi. Eneo hilo limekaa mahali ambapo bamba la Arabia linasukumana na bamba la Anatolia, na wanajiolojia walikuwa wamekwisha kuonya kwa miaka mingi bila kuzitaja sayari. Idara ya Jiolojia ya Marekani husema utabiri wa tetemeko lazima utaje mambo matatu: wakati, mahali na ukubwa. Hapa kilichokosekana ni wakati, na wakati ndicho kitu pekee ambacho kingemfanya mama awatoe wanawe kitandani usiku ule.

Hesabu nayo ina la kusema. Kila mwaka dunia hupata matetemeko zaidi ya 100 yenye ukubwa wa 6 na kuendelea. Ni nadra wiki kupita bila hata moja. Basi anayeandika kwamba wiki hii kutatokea tetemeko kubwa mahali fulani duniani ni kama anayetabiri kwamba Aprili mvua itanyesha Zanzibar.

Sasa chukua utabiri tunaoletewa kwenye simu kila Desemba. Kiongozi mkubwa wa Afrika atafariki. Msanii maarufu ataachana na mwenzake. Kutatokea ajali mbaya ya chombo cha usafiri. Afrika ina nchi 54, na kila nchi ina marais wastaafu, mawaziri, majenerali na wazee wa vyama. Ni mwaka gani hatukumzika hata mmoja? Tena neno “mkubwa” hupimwa baada ya msiba, kwa kimo cha marehemu aliyepatikana.

Kumbukumbu zetu humalizia kazi iliyobaki. Mwaka 1956, mnajimu wa Marekani Jeane Dixon alinukuliwa katika jarida la Parade kwamba uchaguzi wa rais wa 1960 ungeshindwa na mtu wa chama cha Democratic, naye angefia madarakani. Rais Kennedy, aliyeushinda uchaguzi huo, alipouawa Dallas mwaka 1963, jina la Dixon likapaa. Lakini uchaguzi ule ulipokaribia, Dixon huyohuyo alikuwa amesema mshindi angekuwa mpinzani wake, Nixon. Hilo halikusimuliwa. Mwanahisabati John Allen Paulos ameiita tabia hii kwa jina la mama huyo: tunakumbuka kilichosadifu na kusahau kilichoanguka.

Mitandaoni hata kusahau hakuhitajiki, kwa sababu kilichoanguka hufutwa. Baada ya fainali ya Kombe la Dunia 2014, Ujerumani ilipoifunga Argentina 1-0 katika muda wa nyongeza, akaunti moja ya Twitter ilionekana kuwa iliandika mapema matokeo hayo, hata jina la mfungaji, Götze. Tarehe za ujumbe zilikuwa za kweli. Ambacho hakikuonekana tena ni rundo la ujumbe mwingine wenye matokeo mengine, uliokwisha kufutwa. Kuandika kila matokeo kuanzia 0-0 hadi 3-3 kunahitaji ujumbe 16 tu. Ni kazi ya nusu saa.

Nalisema hili kwa sababu utabiri uliosadifu huwa chambo. Nyuma yake huja sauti ya upole ikikwambia kwamba nyota yako imechafuka, inahitaji kusafishwa, na namba ya kutuma pesa ni hii. Anayetuma mara nyingi ni mtu aliyekwisha kuumizwa: amefukuzwa kazi, au ana mgonjwa ndani.

Kiswahili huwaita “watu wa falaki” makundi mawili: wanaotabiri bahati na wanaopima mwendo wa jua na mwezi. Hawa wa pili walisema tarehe 1 Septemba 2016 jua litapatwa, na kwamba atakayesimama Rujewa, Mbeya, ataliona limekuwa pete kwa karibu dakika 3. Walitaja siku, mahali na saa. Pete isingeonekana, wangeumbuka mbele ya kila aliyefunga safari kwenda kutazama. Ilionekana.

Hao hao wanasema tarehe 2 Agosti 2027 mji wa Luxor, Misri, utaingia gizani mchana kwa zaidi ya dakika 6. Nimeinakili tarehe hiyo kwenye daftari. Ukurasa wa pili nimeuachia mnajimu yeyote wa mtandaoni aliye tayari kuandika siku, mahali na jina la tukio, kwa wino. Mpaka leo ni mweupe.