Jemadari Xiao Ke na Neno Lililoandikwa

Majemadari wengi hukumbukwa kwa miji waliyoiteka. Xiao Ke wa China, aliyezaliwa mwaka 1907 huko Jiahe katika jimbo la Hunan, alipigana vita kama wenzake. Lakini sifa yake imedumu hasa kwa sababu ya maandishi.

Alishiriki katika maasi ya Nanchang mwaka 1927. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 27, aliongoza Kikosi cha Sita cha Jeshi Jekundu kuingia Guizhou, nchi ya milima ambayo askari wake hawakuijua. Ikapatikana ramani kubwa ya jimbo hilo, lakini majina yote yalikuwa ya Kifaransa. Wakati huo jeshi lilikuwa limemkamata mmisionari Rudolf Alfred Bosshardt, raia wa Uswisi aliyezaliwa Uingereza, ambaye alijua Kifaransa na Kichina pia. Basi usiku, penye mwanga wa taa, mateka akasoma majina ya vijiji, mito na njia, na jemadari akayaandika kwa Kichina. Ramani ile ikawa macho ya jeshi.

Haifai kusahau kwamba mfasiri huyo hakuwa mtu huru. Alishikwa kwa muda wa siku 560, akafunguliwa mwaka 1936, na mwaka huohuo akatoa kitabu, The Restraining Hand. Hata hivyo Xiao Ke hakuusahau msaada ule. Katika miaka ya 1980 aliuliza habari za Bosshardt, nao wakapelekeana barua, wote wawili wakiwa wazee.

Xiao Ke mwenyewe alikuwa mwandishi. Mwaka 1937 alianza kutunga riwaya, Yuxue Luoxiao, juu ya vita vya Jeshi Jekundu katika milima ya Luoxiao, na rasimu yake ilikwisha mwaka 1939. Mwaka 1955 alipewa cheo cha Jenerali. Lakini mwaka 1958 alishutumiwa kwamba ameshikilia mafundisho ya kigeni bila kuyapima, na hata mswada wa riwaya ukatumiwa kumshitaki. Kitabu kilipigwa chapa mwaka 1988, yapata nusu karne baada ya kutungwa, kikapata heshima ya Tuzo ya Mao Dun mwaka 1991.

Mwezi Mei 1989 alikuwa mmoja wa majemadari saba wazee waliotia sahihi barua ya kuomba jeshi lisiingie Beijing kuwakabili raia. Ombi halikusikilizwa. Mzee huyo alifariki mwaka 2008, mwenye umri wa miaka 101.

Ramani ilisaidia jeshi, riwaya ilimletea mashitaka, na barua haikuzuia lolote. Lakini kwa hayo matatu Xiao Ke amepata jina ambalo ushindi wa vitani peke yake usingalimpa.