Diani ilipofungwa, mkulima wa Kwale alipata nini?

Wakazi wengi wa mijini huijua Diani kwa mchanga wake mweupe na hoteli zake. Ni wachache wanaokumbuka kwamba nyuma ya hoteli hizo, kuanzia Ukunda na Msambweni hadi Shimba Hills, wako wakulima wadogo wadogo ambao mgeni akila papai asubuhi, wao hupata pesa za unga jioni.

Machi 25, 2020 ndege za abiria kutoka ng'ambo zilisimamishwa kwa sababu ya Corona. Siku mbili baadaye ikaja amri ya kutotoka nje usiku, na Aprili 8 Kwale ikafungwa pamoja na Mombasa na Kilifi. Magari ya vyakula yaliruhusiwa kupita, lakini mama mwenye tenga la mchicha na kuku watatu hana lori. Yeye hupanda matatu hadi feri ya Likoni. Nalo papai halijui kafyu, likiiva limeiva.

Msaada ulitangazwa Mei 23, Rais Uhuru Kenyatta alipotoa mpango wa Sh53.7 bilioni wa kufufua uchumi. Kati ya hizo, Sh3 bilioni zilikuwa za pembejeo kwa wakulima wadogo 200,000 nchini kote kwa vocha ya kielektroniki, na Sh1.5 bilioni za kuwawezesha wakuzaji wa maua na mazao ya bustani kufikia masoko ya ng'ambo.

Hebu tupige hesabu. Sh3 bilioni ukigawia watu 200,000 ni Sh15,000 kwa kila mmoja. Si haba. Lakini vocha si pesa. Hununua mbegu na mbolea dukani, wala hailipi deni la unga la wiki sita zilizopita. Marekani, mwezi Aprili mwaka huo huo, ilitangaza dola bilioni 16 za kulipwa wakulima na wafugaji moja kwa moja. Bila shaka mfuko wao si wetu. Hata hivyo tofauti ya pesa mkononi na mbegu dukani ni kubwa.

Tena kuna suala la majira. Masika ya Pwani huanza mwishoni mwa Machi au Aprili, na mahindi hupandwa mvua za kwanza zinapoanguka. Mbegu iliyotangazwa mwisho wa Mei, hata ingefika kesho yake, ingengojea vuli ya Oktoba. Na mkulima wa Diani hakukosa mbegu. Alikosa mnunuzi.

Kwa maoni yangu, pesa zilizomfaa mwanakijiji upesi zaidi hazikuwa za kilimo hata kidogo. Ni zile za Inua Jamii, Sh2,000 kwa mwezi kwa mzee aliyetimiza miaka 70. Ajuza mwenye minazi minne na jina kwenye orodha hiyo alikuwa na afadhali kuliko kijana mwenye ekari mbili za bamia.

Kwale ilifunguliwa mwanzoni mwa Juni, na ndege za ng'ambo zikarudi Agosti 1.

Tangu wakati huo wakulima wameandikishwa upya kote nchini, na mwaka 2023 gunia la kilo 50 la mbolea ya ruzuku lilishuka hadi Sh2,500. Ujumbe wa vocha hutumwa kwa simu ya aliyeandikishwa. Kwa hivyo, ukiwa na mzazi Lukore au Msambweni, mwulize ni namba ya nani iliyoandikwa: yake, au ya mjukuu aliyekwisha kuhamia Mombasa.