"Stationery" au "stationary"? Herufi moja inayokuponza

Pita mtaa wenye maduka ya kutoa kopi, hutakosa kibao kilichoandikwa "Stationary". Mwenye duka anauza kalamu, madaftari na bahasha. Alichoandika ni "kilichosimama, kisichosogea". Vifaa vya kuandikia ni "stationery", yenye e, kama e ya "envelope", yaani bahasha.

Ila mchora kibao hakupotea mbali. Zamani Uingereza muuza vitabu mwenye kibanda cha kudumu aliitwa "stationer", tofauti na machinga wa kuzunguka. Maneno yote mawili yana shina moja.

Maneno yanayotamkwa sawa lakini maana tofauti huitwa homofoni. Yanatusumbua kwa sababu Kiswahili kimetuzoesha kuandika tunachosikia. Kaa la moto, kaa wa baharini, kaa kitako: herufi zilezile. Kiingereza kina sauti moja, tahajia mbili au tatu. "Night" ni usiku, "knight" ni askari wa farasi wa enzi zile. Hiyo k ilikuwa inatamkwa kweli, ikaja kunyamaza, tahajia ikabaki.

Kwenye meseji si neno. Kwenye barua ya kazi ni habari nyingine, maana mara nyingi simu haipigi mstari mwekundu: neno lipo kwenye kamusi, ila si lile ulilotaka. Ukiandika "I am a man of principals" umesema wewe ni mtu wa wakuu wa shule. Msimamo ni "principles". Fundi anayetangaza kutengeneza "breaks" ameacha breki ("brakes") akaandika mivunjiko.

"Your" na "you're"? Jaribu kusoma "you are" mahali hapo. Ikikubali, weka "you're"; ikigoma, ni "your". "Hear" ni kusikia, na ndani yake kuna "ear", sikio. "There" ni pale, ina "here" ndani. "Their" ni "-ao", ya kumiliki.

Kuna mengine si homofoni kabisa, ni ndimi zetu tu. "Live" na "leave" wengi tunayatamka sawa, Mwingereza hayachanganyi. Ukimwandikia mwajiri "I leave in Mwanza" ukimaanisha unaishi huko, atajiuliza unaondoka Mwanza saa ngapi.